Saa Iliyochelewa Kila Asubuhi

Kiwandani kwao Le Locle, mji wa mafundi saa huko Uswisi, mwanamke akistaafu hupewa saa. Haulizwi kama anaitaka. Bi Huguette Perrinjaquet alipewa yake mwezi wa pili, theluji imefika madirishani: saa ya kike ya betri, nyembamba kama sarafu, uso mweupe, mkanda wa ngozi nyeusi. Mishale yake alikuwa ameipachika mwenyewe bila kujua. Wenzake waliipitisha mezani kwake katikati ya nyingine, wakibana vicheko, kisha wakaenda kuichora jina lake mgongoni.

Ilikuwa saa nzuri, na asiyekubali hilo ana kijicho. Ila ilikuwa na ila moja: haikuhitaji mtu.

Kabla ya hapo Huguette alivaa saa ya ufunguo, aliyoundiwa na mumewe Edmond walipokuwa wachumba. Edmond alikuwa fundi saa wa kizazi kile ambacho betri ziliwanyang'anya meza zao. Tangu harusi yao, kila asubuhi kabla ya kahawa, alinyoosha mkono na kusema, "Lete." Huguette akaivua, Edmond akaitia ufunguo, akailinganisha na redio, akamfunga tena mkononi. Hata walipokuwa wamenuniana alifanya hivyo, uso kaugeuzia dirishani.

Sasa mikono ya Edmond ilikuwa inatetemeka. Vuli iliyopita ile saa iliponyoka ikaanguka kwenye marumaru ya jikoni. Edmond aliifungua, akaitazama kwa lenzi yake ya jichoni, akasema, "Kijiti cha gurudumu kimekatika." Zamani angekibadilisha kabla supu haijapoa. Siku hiyo kibano kilimcheza vidoleni mpaka akakiweka chini. Kuipeleka kwa fundi mwingine kulikuwa sawa na kutangaza mji mzima kwamba Edmond Perrinjaquet amekwisha, kwa hiyo Huguette aliitia kwenye droo na hakuitaja tena.

Asubuhi ya kwanza ya saa mpya, Edmond alisema, "Lete," kwa mazoea. Aliigeuza, akaipapasa kitufe cha ubavuni, akaitazama redio. Ilikuwa sawasawa kabisa.

"Hii haina haja na mimi," alisema, akamrudishia.

Kesho yake hakunyoosha mkono. Wiki haikuisha akawa haji hata jikoni. Alilala mpaka mchana, hajanyoa, kahawa yake ikapoa na kumwagwa. Huguette aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Karakana zilipofungwa miaka ile ya betri, aliwaona wanaume wa mtaa huo wakilala hivyo hivyo, na wengi wao hawakuinuka tena.

Basi akafanya lile linalofanywa na kila muuza saa anayetaka betri isiishe kabatini. Usiku, akienda kulala, alivuta kitufe nje, mishale ikasimama. Asubuhi, kabla ya kuita, alikisukuma ndani.

"Baba Nadège! Hebu njoo huku. Saa imechelewa."

"Imefanyaje?"

"Imechelewa! Watu wako saa moja asubuhi, yenyewe bado iko saa tano ya jana usiku."

Edmond alitoka na nguo za kulalia, lenzi imekwisha kaa jichoni. Aliitazama mishale inayokwenda, akamtazama mkewe, akacheka mpaka akakohoa.

"Si nilisema mimi? Betri! Walitufukuza kazi kwa ajili ya hii, kumbe inalala kuliko paka. Lete."

Vidole vyake vilitetemeka, lakini kitufe kilikuwa kati ya gumba na cha shahada, na hapo havikukosea. Akailinganisha na redio, akamfunga mkononi. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Edmond akarudia kunyoa. Akaanza kwenda mkahawani, na huko akamsimulia kila mwenye masikio habari za saa ya kiwanda isiyoweza kuvuka usiku mmoja.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili akaja binti yao Nadège, mkaguzi wa saa kiwandani humohumo, mkate mtamu wa zabibu kwapani na hasira usoni.

"Mama, mnatuaibisha! Eti tumemstaafisha mtu na saa mbovu. Nipe nikaipime."

"Aa, si neno, mwanangu. Kata mkate."

"Mkate utangoja. Saa ya betri haichelewi usiku kucha halafu asubuhi ikaenda kama haijui kitu. Ama inakwenda, ama imekufa. Labda kama mtu..."

Alimwangalia mama yake. Huguette akashughulika na siagi. Hapo Edmond akaunyoosha mkono wake unaotetemeka na kuifunika ile saa.

"Iache. Naijua mimi. Ina tabia zake."

"Baba! Saa ya betri haina tabia."

"Inazo. Kazipata kwa aliyeivaa."

Nadège akaguna, akakata mkate. Huguette alimhurumia mumewe. Fundi mzima, aliyekuwa akiisikia saa mbovu kabla hajaifungua, leo anadanganywa na kitufe! Aliona haya, lakini usiku akakivuta tena. Afadhali mume aliyedanganywa akawa mezani kuliko mwenye akili zake akawa kitandani.

Kisha mafua yakamkamata. Jioni moja alikunywa dawa, akaitazama saa ili ajue lini atakunywa nyingine. Ilikuwa saa mbili, inakwenda vizuri. Akaiweka kwenye kisahani kando ya kitanda, na usingizi ukamchukua kabla hajakumbuka chochote.

Alizindukia harufu ya kahawa. Upande wa Edmond ulikuwa mtupu. Ndipo akakumbuka kitufe. Leo saa itakuwa sawa na redio. Leo mzee atasema haina haja naye, na atarudi kulala.

Akaichukua kisahanini. Kitufe kilikuwa ndani, mishale inakwenda. Ilionyesha saa tano na dakika chache.

Huguette aliitazama, akaitazama tena. Saa tano ya usiku alikuwa katikati ya homa na ndoto. Saa tano ndiyo saa anayopanda kitandani Edmond.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia kidogo, akapenga kamasi, akaivaa saa na kwenda jikoni. Edmond alikuwa ameketi kando ya redio, kanyoa, lenzi iko mezani.

"Mama Nadège. Imechelewa tena?"

"Imechelewa."

"Lete, basi."

Huguette hakuivua. Alimpa mkono mzima.