Kipimo cha Tisa

...na sasa gitaa limeshaanza duru yake, likirudi nyumbani, pale lilipoanzia, ni zamu yake yeye, na harmonika inamgonga meno, hii kubwa ya kitufe, si ile ndogo aliyoizoea, Mungu wangu, nani alimtuma, fundi cherehani mzima na akili zake kuja kusimama mbele za watu, na Waya, kiongozi wa bendi, yule pale anacharaza huku anamtupia jicho la pembeni, jana mazoezini hakumung'unya maneno, "Dada, ukikwama tena kipimo cha tisa, nafasi namrudishia mpiga saksafoni, tusilaumiane," na atakwama, anajijua, bluzi yenyewe vipimo kumi na viwili tu vya mapigo manne manne lakini hicho cha tisa ni shimo, anaogopa, anaogopa kama mtoto... hesabu basi, hesabu, cha kwanza hadi cha nne kodi ya nyumbani, yaani kundi la sauti ambazo gitaa linazipiga kwa mkupuo mmoja, unavuta pumzi, popote ukivuta re, fa na la zinalia pamoja, cha tano na cha sita kodi ya nne, unavuta vilevile, re imo, fa imo, cha saba na cha nane nyumbani tena, unavuta, halafu cha tisa, kodi ya tano, na hapo jana alivuta, akavuta, kifua kikagoma, sauti ikakatika, mpiga besi akainamisha kichwa kumstahi, afadhali angecheka... pumu hii itamuua hapa hapa, "Kunywa maji, shoga," mwimbaji ananong'ona, maji ya nini, hewa ndiyo hakuna, kifua kimebana, avute, avute tena... toa, mwanangu, mama yake huyo, enzi za utoto wake, ukingoni mwa kitanda, anampapasa mgongo, hujakosa hewa wewe, umejaa, toa kwanza... umejaa... ngoja, kodi ya tano ina la, ina mi, ina sol, na harmonika hii ukipuliza inakupa nini kama si do, mi, sol, mi imo, sol imo, do itagombana kidogo na gitaa, na ugomvi huo ndio bluzi yenyewe, jamani, cha tisa si cha kuvuta, ni cha kupuliza, miezi yote hii amekariri namba za kodi kama kasuku, hata siku moja hakujiuliza zinapumulia wapi... gitaa bado halijarudi nyumbani, Waya bado anamwangalia, na hofu ipo palepale kifuani, imejaa tele, ila sasa anajua pa kuitolea.