Macho ya Tangi la Tatu

Daktari alianza kucheka peke yake saa nne asubuhi, katikati ya matangi yake ya samaki wa utafiti.

"Kimya, njoo uone," aliniita. Jina hilo nilipewa na fundi wa pampu, nikalizoea.

Niliinama juu ya tangi la tatu. Kifaranga wa gayogayo huzaliwa kama samaki mwingine yeyote, jicho huku na jicho huku. Siku zake zikifika, homoni ya tezi ya kooni hupanda mwilini. Jicho moja huhama, likavuka kichwa hadi upande wa pili, naye hulala sakafuni, bapa kama kandambili.

Tangi la kwanza Daktari alilitia homoni hiyo ya ziada. La pili hakulitia kitu. La tatu alilitia dawa ya kuizuia, ili vifaranga wabaki walivyo. Hawakubaki. Macho yalikuwa yanahama.

"Wanabadilika bila homoni," alisema. "Basi kuna njia nyingine tusiyoijua. Sasa hivi nawapigia wakubwa."

"Ukipanda cheo usitusahau sisi wa maji," fundi alisema akiwa chini ya bomba.

"Wewe nitakuacha humo humo."

Wakacheka. Mimi nilisugua tangi lililokwisha kusuguliwa. Nikaenda stoo, nikarudi, nikaenda tena. Wiki iliyopita pampu ilizima, tangi la tatu likapungua maji. Nilichota ndoo mbili kutoka la kwanza nikajazia. Niliona maji ni maji. Nikisema, kazi imekwenda. Nisiposema, Daktari ataaibika mbele ya wakubwa, na ndiye pekee aliyenichukua wengine waliposema siongei.

"Wewe leo una nini?" fundi aliuliza. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Daktari alikuwa ameshika simu. Nikasimama mbele yake.

"Ni ndoo," nilisema.

"Ndoo gani?"

"Mbili. Za tangi la kwanza. Nilijazia hapa siku pampu ilipozima."

Aliishusha simu polepole. Fundi akaacha kugonga bomba.

"Ndiyo maana," Daktari alisema. "Dawa yangu inawazuia wasitengeneze homoni wenyewe. Wewe ukawaletea iliyo tayari."

"Basi si tumegundua hilo?" niliuliza.

"Hilo lilijulikana kabla hujazaliwa, mdogo wangu."

Hakunifukuza. Alinisukumia daftari. "Kuanzia leo kila ndoo unaiandika, hata ya kunawia mikono. Tangi hili limwage. Tunaanza upya."

Nilifungua bomba la chini. Maji yakashuka, vifaranga wakang'ang'ania sakafu. Wengine jicho lilikuwa limeshavuka, wengine bado lilikuwa utosini, njiani. Nilisimama kwa mguu huu, nikahamia ule, na nyuma yangu Daktari alikuwa akihesabu siku za jaribio jipya kwa vidole, akikosea, akianza tena.