Nishani ya Pili

Siku ambayo Kamanda Bwanaheri wa jeshi la majini alikuwa avishwe nishani yake ya pili, umeme ulikatika Mikindani yote, na Felismina akalazimika kuwasha pasi ya mkaa ili ainyooshe ile sare nyeupe. Mwaka mzima alifua na kupiga pasi katika nyumba ile, na alisema kidogo mno. Bi Rehana, mke wa Kamanda, alizoea kumtania kwamba siku ya harusi yake padri atangoja jibu mpaka Pasaka.

Lililomfunga mdomo lilikuwa kwao Magomeni, mjini Mtwara. Miaka mitatu nyuma, mwezi wa Aprili, wakati wa vita vya mpakani, kaka yake Dercio alivuka mlango wa mto Ruvuma kumpelekea shangazi yao mbuzi, kwa mtumbwi wa wenzake wawili, asirudi hata mmoja. Maiti haikuonekana. Mama yao, Celia, alikataa katakata kuweka matanga. Kila jioni alipakua chakula cha Dercio, akaweka sahani kwenye rafu ya ukutani kando ya redio, na asubuhi akawamwagia kuku. Felismina alitaka jambo moja tu: kujua alipofia kaka yake, ili ile sahani iondoke.

Nyumba ya Kamanda nayo ilikuwa na yake. Nyama ya mbuzi haikuingia. Hata Idi kubwa alichinja ng'ombe, na mbuzi wa jirani akilia nyuma ya ukuta, aliinuka akaenda kufunga dirisha. Bi Rehana alisema ni presha. Nishani ya kwanza alipewa kwa kuwatoa mabaharia wawili kwenye boti inayowaka moto, na makovu yalimpanda mpaka viwikoni. Hiyo hakuna aliyeibishia.

Saa tatu asubuhi, wakisubiri gari, Bi Rehana alimtaka binti yao Hafsa asome kwa sauti ile karatasi ya sifa itakayosomwa uwanjani. Kamanda alisema haina haja.

"Ukisifiwa na mkeo huna haja, ukisifiwa na serikali huna haja," Bi Rehana alimwambia. "Soma, mwanangu."

Felismina alikuwa ukumbini, akinyoosha mkono wa kushoto wa sare. Akasikia mwezi wa Aprili. Akasikia mlango wa Ruvuma, alfajiri. Akasikia kwamba chombo cha adui kilikuwa kikipita kimyakimya bila taa, injini imezimwa, watu watatu wakisukuma kwa pondo, na walipoitwa mara tatu hawakuitika, ndipo wakapigwa risasi.

Pasi ikasimama.

Kila mtu wa mtoni alijua. Penye viboko huzimwa injini, huzimwa taa, na hakuna anayetoa neno mpaka wapite, maana kelele humkasirisha kiboko akapindua mtumbwi. Hata ukiitwa na mama yako huitiki. Kamanda alizaliwa Mikindani. Bahari aliijua yote. Mto hakuujua.

Harufu ya kuungua ikaenea. Bi Rehana akaja, akaona alama ya kahawia kwenye ule mkono mweupe, akakaa kitini akisema amekwisha, sherehe imekwisha. Kamanda akatokea nyuma yake. Felismina hakuwahi kumwangalia usoni. Siku hiyo alimwangalia.

"Baba," alisema, "kwenye ule mtumbwi kulikuwa na mbuzi?"

Bi Rehana alidhani msichana amechanganyikiwa kwa hofu. Kamanda akashika mwimo wa mlango.

"Amefungwa mdomo," alisema polepole. "Kwa kanga nyekundu. Hilo sikuliandika popote. Nani amekwambia?"

"Mama ndiye aliyemfunga, asije akalia penye viboko. Dercio ni kaka yangu."

Nje gari likapiga honi. Kamanda akaomba sare. Bi Rehana alimsihi wakaazime nyingine, lakini yeye aliivaa ileile, ya moto bado, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alipofika mlangoni alimwambia Felismina, bila kugeuka, kwamba wale watatu walizikwa kwenye fungu la mchanga, upande wa mikoko, na kaburi moja alilichimba mwenyewe.

Aliondoka peke yake. Saa tano Bi Rehana, Hafsa na Felismina walikuwa jikoni, na redio ya betri. Karatasi ilisomwa, watu wakapiga makofi. Mtangazaji akasema sasa Kamanda atasema machache. Kikasikika kikohozi.

"Ule mtumbwi ulikuwa na mbuzi," Kamanda alisema, "kafungwa mdomo kwa kanga nyekundu. Hawakuitika kwa sababu ya viboko, na mimi ndiye niliyeamuru..."

Sauti ikakatika. Ukawekwa muziki.

Simu ya Bi Rehana ikaanza kuita. Ikakatika, ikaita tena. Hakuipokea. Hafsa alitoka kwenda kukomea geti, akarudi akasema kuna gari limesimama upande wa pili wa barabara, halijazima injini.

Felismina alitokea mlango wa uani bila kuaga. Njia nzima mpaka Magomeni alitafuta maneno ya kumwambia mama yake. Alipoingia, redio ilikuwa ikipiga muziki uleule. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni, mkononi kashika kipande cha kanga nyekundu, kile kilichobaki alipoichana kumfunga mbuzi. Sahani ya Dercio ilikuwa palepale ukutani, imefudikizwa.