Wageni wa Kanisa la Baba

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na mzee wa kanisa, na kote kuwili hakupenda kuingiliwa. Kanisa letu liliposhirikiana na kundi la wahubiri kutoka ng'ambo, yeye ndiye aliyewachomelea jukwaa. Wageni walileta spika mpya na viti vya watoto. Walileta pia fundisho kwamba anayetumia dawa hana imani.

Mimi ni muuguzi. Shangazi, dada yake baba, tunaishi naye, na ana kisukari. Siku niliyokuta chupa zake za insulini kwenye ndoo ya taka, nilimfuata baba karakanani.

"Hao wageni wenu watatuulia shangazi."

Akainua kinyago chake cha kuchomelea. "Hakuna aliyemlazimisha. Ni mtu mzima, ana akili zake."

"Lakini nyinyi wazee ndio mliowakaribisha."

"Chunga mdomo, mwanangu."

Tangu hapo tukawa tunapishana sebuleni kama wapangaji. Mama akageuka tarishi: mwambie baba yako maji ya kuoga tayari, mwambie mwanao apunguze redio. Kila asubuhi nilimng'ang'ania shangazi mpaka akatoa mkono, amenuna. "Nachomwa sindano kwa sababu ya kelele zako," alisema, "si kwa sababu ya ugonjwa."

Jumapili moja baba akarudi ibada ikiwa katikati. Alisimama mlangoni, tai imelegea. Nikajua kuna jambo, maana aliongea na mimi moja kwa moja.

"Wale wageni wametaka wazee tusimame mbele, kila mmoja atangaze kuwatenga ndugu zake wanaopinga mafundisho. Zamu yangu ilipofika, mkubwa wao akasema nianze na yule muuguzi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema yule muuguzi ni mwanangu, na dada yangu anapumua kwa sababu yake. Nikatoka. Nilidhani niko peke yangu. Kufika getini nikasikia viatu nyuma yangu. Nusu ya kwaya."

"Na mchungaji?"

"Amebaki ndani anapangusa miwani."

Shangazi, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumbani, akatokea amejifunga khanga kifuani. "Kaka, umechelewa," akamwambia, "lakini umefika."

Baba akacheka mpaka akajifuta macho, nasi tukacheka naye, hata pale ambapo hapakuwa na la kuchekesha.

Wiki iliyofuata wazee walivunja ushirikiano ule. Baadhi ya waumini waliondoka na wageni, na jirani yetu mmoja mpaka leo hajibu salamu zetu. Hilo linamuuma baba.

Lakini Jumapili ile alilala kwenye kochi na viatu vyake, akikoroma mchana kweupe. Hakuna aliyemwamsha. Nilikaa karibu yake bila la kufanya, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikasikia njaa ya kweli.