Daktari wa Saa Nne

Saa mbili na robo asubuhi chumba cha habari kililipuka kwa vigelegele, na aliyepiga cha kwanza ni Kisu mwenyewe.

Mtu mzima, mhariri wa habari, miaka ishirini na miwili kazini, na jina hilo kapewa kwa namna anavyozikata habari za watu, leo karuka kitini kama aliyefunga bao. "Kaingia! Kaingia kwa miguu yake mwenyewe!" Kwenye kompyuta yake habari ilikuwa imetulia neno kwa neno ndani ya blogu ya Chapchap: leo saa nne asubuhi daktari bingwa wa macho atawatibu bure wenye mtoto wa jicho, katika jumba la sinema la zamani karibu na stendi. Wagonjwa hamsini wa kwanza tu.

Hakukuwa na daktari. Daktari huyo alizaliwa jana alasiri, mezani kwa Kisu.

Na kabla hujamlaumu, ngoja usikie. Miezi mitano mfululizo Chapchap alikuwa akiwachezea shere. Habari inayoandikwa jioni ili isomwe gazetini kesho yake, yeye anayo kabla mitambo haijawashwa, na wasomaji wake wa siku moja ni wengi kuliko wa gazeti kwa wiki nzima. Kwamba ndani ya ofisi kuna mtu anayemchotea, hilo kila mmoja alilijua, lakini ni nani? Kilichomkera Kisu zaidi ni kwamba huyo Chapchap ni yeye Kisu aliyemlea kikazi. Alimpokea hajui hata kuuliza swali, akamfundisha kazi, kisha akamfukuza kwa kuandika habari ya chanzo kimoja iliyomchafua mtu asiye na kosa. "Vyanzo viwili," alimwambia siku ile akimwonyesha mlango. "Huna viwili, huna habari." Sasa mwanafunzi ana wasomaji, mwalimu kabaki na kanuni. Inauma, jamani.

Ndipo akatunga uongo, akauweka kwenye kompyuta ya ofisi pamoja na habari za kweli, akaenda kulala. Alijiambia kuwa jumba lenyewe limefungwa miaka sita, na kwamba habari ya leo asubuhi kwa leo asubuhi hakuna atakayewahi kuifuata. Ndivyo alivyojidanganya. Mtu akishataka kumkomoa mwenziwe, wengine wote huwa hawaoni.

"Kesho ukurasa wa kwanza!" alisema mhariri mkuu, waliyemwita Mzee wa Kioo kwa sababu ya chumba chake chenye kuta za vioo, ambamo alitoka kwa nadra. Leo alitoka, tena anasugua viganja. "Blogu yazusha daktari. Tumemmaliza."

Saa tatu kasoro dakika kumi simu ya Kisu ikaita. Alikuwa mpigapicha, ambaye walimtuma akapige picha ya jumba tupu.

"Dada Kisu, si tupu."

"Unasemaje?"

"Kuna watu hapa. Mia mbili, mia tatu, sijui. Wazee watupu, wameshikana mikono, wengine wanapapasa ukuta. Geti limefungwa kwa mnyororo nao wanalisukuma. Nguzo yake imeliwa na kutu, dada, inacheza. Na bado wanakuja! Si waliambiwa hamsini wa kwanza? Kila mmoja anataka awe katika hao hamsini."

Hamsini. Neno hilo Kisu aliliongeza mwishoni kabisa, ili habari ipate ladha.

Aliingia chumba cha vioo bila kubisha hodi. Mzee wa Kioo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Wengi kiasi hicho? Safi sana. Picha itajisemea yenyewe."

"Mzee, wataumizana pale."

"Nani kawaita? Sisi tumechapa nini?"

"Tuwaambie basi si kweli. Sasa hivi, kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni."

"Ukurasa gani, ule unaosomwa na mimi na mke wangu? Tena tuseme tumejuaje?" Akavuta kiti chake karibu na meza. "Tukikanusha leo, kesho hatuna habari. Tulia, mama. Mtego umenasa, usiufungue."

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Kisu alilisikia neno hilo tangu utoto, na hakuwahi kulifikiria mara mbili mpaka asubuhi hiyo.

Akatoka hadi kwenye ukumbi mwembamba unaoelekea chooni, akapiga namba ambayo hakuwahi kuipiga kwa miaka minne.

"Lahaula! Mwalimu mwenyewe," akasema Chapchap. "Shikamoo."

"Futa habari ya daktari. Sasa hivi."

"Imekuchoma, eh? Nimekuwahi tena."

"Ni uongo, nakwambia!"

"Kasema nani?"

"Mimi."

"Hicho ni chanzo kimoja, mwalimu. Huna viwili, huna habari."

Alikuwa kaliweka neno hilo kifuani miaka yote minne, na alilitamka polepole apate kulifaidi. Kisu akaegemea ukuta.

"Nimeitunga mimi. Hakuna daktari. Nilikutega wewe, wamenasa wazee. Wako getini mamia, hawaoni, wanasukumana."

Alitegemea kicheko. Hakikuja.

"Mwalimu," akasema Chapchap, na sasa sauti ilikuwa ya yule kijana wa zamani. "Umefanya nini?"

"Futa tu, tafadhali."

"Nikifuta tu watasema nimewaficha ili ndugu zangu wapate nafasi. Nawajua wasomaji wangu. Andika wewe. Cheo chako na gazeti lako, viwepo. Naiweka juu kabisa."

"Nitafukuzwa kazi."

"Mimi nilifukuzwa. Hakufa mtu."

Aliandika mistari minne kwa kidole gumba, pale pale ukutani. Mwandishi wa habari hii ni mimi, habari ni ya uongo, blogu haikuitunga, msiende. Alipoinua macho, Mzee wa Kioo alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi.

"Ukituma hiyo, kiti chako hukikalii tena."

Kisu akatuma. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tano.

Kwenye pikipiki, njia nzima, simu ilitetemeka mfukoni bila kupumzika. Alichungulia mara moja: mji mzima ulikuwa unamtukana. Matusi ya kila rangi, mengine yanamtaja hadi aliyemzaa. Na utashangaa, moyo ulimtulia kidogo. Kama wanatukana, basi wamesoma. Watu watakuwa wameshatawanyika.

Hawakutawanyika. Walikuwa wameongezeka.

Kisu alishuka akapigwa na butwaa. Wamejaa ngazi hadi barabarani, wamesongamana, nyuso zimeinuliwa juani, na hakuna hata mmoja anayetazama simu. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Kukanusha kwake kulifika kila mahali ila hapa, maana hawa ndio wasioweza kusoma. Walisomewa asubuhi na mtu wa nyumbani, wakaongozwa hadi getini, na aliyewasomea kaenda zake kazini. Wachache waliobaki na wazee wao walikuwa wanapiga kelele kwamba ni uzushi, warudi nyumbani, lakini kila waliposema, sauti moja kavu kutoka mbele iliwajibu.

"Msiwasikilize! Wanataka mtoke wapite wao! Mimi nawaambia ni kweli!"

Sauti hiyo Kisu aliijua kabla hajaijua sauti nyingine yoyote duniani.

Alipenya kwa mabega na kuomba radhi mpaka akafika. Baba yake alikuwa wa kwanza kabisa, na koti lake la kijivu, mkono umeshika mnyororo wa geti.

"Baba."

"Mama! Umekuja!" Uso wa mzee ukang'aa. "Niliwaambia hawa utakuja."

"Baba, nani kakuleta hapa?"

"Jirani alinisomea. Mambo ya simu siyaamini, unanijua. Nikamwambia rudia. Aliporudia nikacheka mpaka nikakohoa. Miaka thelathini na moja nimepanga herufi za gazeti lenu kiwandani, halafu nisiijue sentensi ya binti yangu? Huyo wa simu kakuibia, mwizi mkubwa, lakini maneno ni yako. Na kama ni yako, ni kweli." Akageuza kichwa kuelekea wenzake. "Walitaka kuondoka hawa. Nimewaapia."

Tangu mwaka jana Kisu alikuwa anamwahidi kumpeleka kwa daktari wa macho. Kila Jumamosi ilikuwa Jumamosi ijayo.

Nyuma mtu akauliza kwa sauti kama saa nne imefika, mwingine akasema imefika, na umati wote ukaja mbele kwa pamoja. Geti likalia. Bibi mmoja akapiga ukelele, mkono wake umebanwa kwenye vyuma. Nguzo ikainama, vumbi la kutu likawamwagikia vichwani.

Kisu akapanda kibaraza cha dirisha la tiketi, akishikilia ukuta.

"Hakuna daktari," akasema. "Niliandika mimi, na nilidanganya. Nisameheni. Rudini nyuma."

Waliokuwa karibu wakaacha kusukuma. Mkono wa baba yake ukauachia mnyororo polepole, kidole kimoja kimoja. Nyuma waliendelea kusukuma, na bibi yule bado analia. Mzee aliinua macho yake yenye ukungu kuelekea sauti ilikotoka, na Kisu akangoja, kwa maana chochote ambacho angeambiwa alistahili.

"Paza sauti," akasema baba yake. "Walio nyuma hawajasikia."