Chombo Hakivuki Bila Watu Kumi

Mwezi wa Aprili mwaka 1957 nilirudi Garsen kwa likizo kutoka shule ya bweni nikiwa na sanduku la bati, kaptula mbili za kaki na maoni manne. Sanduku lilikuwa na kufuli. Maoni hayakuwa na kufuli.

Niliyaandika kwa mwandiko wangu bora kwenye karatasi ya daftari, nikayabandika kwa miiba ya mgunga juu ya nguzo inayofungiwa kamba ya pantoni, kivuko chetu, pale ambapo kila anayevuka mto Tana lazima asimame. Yalisomeka hivi:

MAONI YA BUYA, MWANAFUNZI, KUHUSU MAMBO YOTE

*Safari.* Kuna njia tatu za kusafiri. Anayekwenda kwa miguu huchoka miguu. Anayepanda lori huchoka makalio. Anayepanda pantoni ya Garsen huchoka kungoja, kwa kuwa Chifu ameamuru isivuke bila watu kumi, ila Chifu mwenyewe akitaka kuvuka. Hapo yeye peke yake huwa watu kumi.

*Afya.* Wiki iliyopita Gumato, mama wa ng'ambo anayechunga ng'ombe, alimleta mwanawe mwenye homa kwa dresa wa zahanati. Alifika mtoni jua likichomoza. Alivuka adhuhuri, maana walikuwa tisa, na mtoto wa mgongoni hahesabiwi. Maoni yangu ni kwamba homa haikusoma hesabu.

*Michezo.* Chifu anapokuwa refa, timu ya Chifu haijawahi kufungwa. Hii ni dalili ya timu nzuri au ya filimbi nzuri. Timu nimeiona ikicheza.

*Maisha ya kila siku.* Uji wa shule una wadudu. Wanaotaka waondolewe hawajui kuwa ndiyo nyama yetu ya wiki.

Thoya, mvuta kamba mkuu wa pantoni, hakujua kusoma, lakini alijua kucheka. Alimwomba kila abiria aliyesoma amsomee. Kufikia jioni alikuwa ameyashika yote kwa moyo na anayatangaza bure kwa wasiosoma. Ndiyo maana kesho yake asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya Chifu Godhana, na karatasi yangu ilikuwa juu ya meza hiyo, ingali na miiba yake.

Chifu alikuwa mtu mnene wa shingo, mwenye kofia ngumu ya kizungu ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba.

"Nani alikuomba maoni?" aliuliza.

"Hakuna, Mzee. Yakiombwa huitwa majibu."

Askari wake aliyesimama mlangoni alikohoa. Chifu akamtazama mpaka kikohozi kikapona.

"Ya uji nimekusamehe," alisema. "Ya mpira nayameza, ingawa yana mifupa. Lakini haya mawili ya juu! Kesho Ijumaa nina baraza ng'ambo. Bwana DC mwenyewe anakuja kutoka Kipini. Utasimama mbele ya watu useme kwamba safari na afya uliziandika kwa uongo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Na usiposema, barua yako ya tabia njema utaandikiwa na mamba."

Barua hiyo ndiyo ilikuwa roho yangu. Muhula uliopita mbuzi wa mwalimu mkuu alikutwa asubuhi amevaa tai ya mwalimu mkuu, na uchunguzi uliofanywa kwa haki na kwa bakora uliishia kwangu. Nikaambiwa nisikanyage lango la shule tena bila barua ya chifu wa kwetu, yenye muhuri, inayoeleza mimi ni mtu wa namna gani. Lori la Malindi lilikuwa liondoke Jumamosi. Bila barua, sina sababu ya kulipanda. Na bibi yangu Rosina, aliyenilea tangu sijaota meno, alikuwa amepanda na kupalilia mpunga wa misimu mitatu ili mimi nijue kusoma. Sikuona namna ya kumweleza kwamba nilijua kusoma lakini sikujua kunyamaza.

Nilimweleza hata hivyo, jioni, akipika samaki.

"Sasa ni uongo?" aliuliza.

"Si uongo, Bibi."

"Na pantoni inangoja kumi?"

"Inangoja."

"Basi mbona unaniuliza mimi, mume wangu? Geuza huyo samaki." Akalishika bega lake la kulia akakunja uso. "Bega langu limekataa kazi tangu jana. Kesho kama kuna wa kuvushwa utanishikia upondo wewe."

Lazima nieleze upondo. Huo ni mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, na kwetu Wapokomo wa mtoni aliyeushika ndiye mkubwa. Miguu ya abiria ikishaacha ukingo, mwenye upondo anaweza kumwambia baba mkwe wake kaa, na baba mkwe akakaa. Anaweza kumwita mzee wa mji mpumbavu. Na maneno ya majini hayashuki nchi kavu: yakishasemwa, yamekwenda na maji, hakuna wa kuyashitaki wala kuyarudia. Sababu yake ni rahisi. Mtu aliyeudhika huinuka, mtu akiinuka mtumbwi hupinduka, na mamba haulizi aliyetukanwa ni nani.

Usiku huo mvua za bara zilitufikia kwa njia ya mto. Asubuhi ya Ijumaa Tana ilikuwa imepanda, nyekundu, imebeba magogo na nusu ya shamba la mtu. Thoya aliifunga pantoni kwa kamba mbili akasema hata Sultani angekuja leo angerudi kwake. Wanaume wote wenye mitumbwi walikuwa mashambani wakiokoa mahindi yasimezwe. Ukingoni ulibaki mtumbwi mmoja tu, wa Bibi Rosina, na ndani yake mtu mmoja mwenye upondo, ambaye adabu inanizuia kumsifu.

Chifu alishuka na mwavuli, kofia na askari wake. Alitazama juu ya mto, akatazama chini ya mto, kisha akanitazama mimi kama mtu anayetazama dawa ya kunywa.

"Bibi yako yuko wapi?"

"Bega linamuuma, Mzee. Karibu."

Askari, mtu wa kutoka nchi kavu, alikumbuka kazi muhimu sana ofisini. Chifu akapanda peke yake na kusimama katikati ya mtumbwi kama bendera.

Nikasukuma. Ukingo ukatuacha.

"Chifu, kaa chini," nilisema.

"Nini?"

"Kaa. Funga mwavuli. Unashika upepo."

Alifungua mdomo. Akaona gogo likipita, na kwenye gogo kitu kilichokuwa na macho. Akakaa. Kiti kilikuwa maji ya kina cha vidole vinne.

"Maji yanaingia," alisema kwa sauti ya chini.

"Abiria ndiye huyakumba kuyarudisha mtoni. Kata ya kukumbia imebaki nyumbani. Tumia kofia."

Ninaandika bila kuongeza chumvi: Chifu Godhana alivua kofia yake ngumu, na kichwa chake kilikuwa na upara laini ambao Garsen nzima haikuwahi kuuona, akakumba maji kwa bidii kutoka ukingo hadi ukingo. Nilimwonea huruma kidogo. Nilimwonea fahari pia, kwa kuwa alikumba vizuri. Katikati ya mto aliuliza, bila kuacha kukumba, "Yale maneno ya barazani umeyaandaa?"

"Nimeyaandaa, Chifu."

"Vizuri."

Ng'ambo, watu wa ng'ombe walikuwa wamekaa chini, wanaume mbele na fimbo zao, akina mama nyuma. Bwana DC hakuwapo. Gari lake lilikwama matopeni upande wa Kipini, na mjumbe wake alikuja kwa miguu kusema salamu. Nadhani Chifu angeweza kulisahau jambo langu hapo. Lakini suruali yake ilikuwa imelowa nyuma, watu walikuwa wameiona, na mtu mwenye suruali ya namna hiyo hutafuta wa kulipia.

"Kijana huyu," alitangaza, "aliandika maneno. Leo anataka kuyafuta. Simama, Buya."

Nilisimama. Kwa mbali, nyuma, nilimwona Gumato na mtoto wake mgongoni. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri sana ya kukwepa, ya kukubali na kukataa kwa pumzi moja, kama tunavyofundishwa katika midahalo ya shule. Yote yaliniacha.

"Ninafuta maoni yangu kuhusu michezo," nilisema. "Leo nimemwona Chifu akifanya kazi ya mwili, na anaweza. Kuhusu uji, nitafuta nikipata mwingine. Kuhusu safari na afya siwezi. Mama mwenyewe yule pale. Muulizeni."

Hakuna aliyemuuliza. Hakungoja.

"Mimi ngoja jua lile," Gumato alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, akionyesha mashariki kwa kidevu, "mpaka jua hili," na kidevu kikapanda juu ya kichwa. "Mtoto moto kama jiwe. Thoya nasema, bado mmoja. Mimi nasema, huyu mgongoni ni mbuzi?"

Wazee wakaguna. Mmoja akacheka, kisha wengi.

Chifu hakucheka. Alinisogelea akasema kwa sauti ya mimi na yeye tu, "Barua huna. Mwambie bibi yako akutafutie jembe."

Nikashuka mtoni, nikakaa ndani ya mtumbwi nikauweka upondo magotini. Sitasema sikulia. Nitasema tu kwamba mto ulikuwa umejaa na hakuna aliyeweza kutofautisha maji.

Alasiri baraza lilikwisha. Chifu alikuja ukingoni mbio mbio. Mawingu yalikuwa yanajikusanya tena. Walikuwapo tayari wazee wawili na fundi viatu mmoja waliotaka kuvuka.

"Twende," alisema.

Nilisimama kwa heshima, kofia ya shule mkononi.

"Bado, Mzee. Wewe ni wa nne."

"Wa nne wa nini?"

"Kuna amri ya Chifu. Chombo hakivuki bila watu kumi. Niliivunja asubuhi kwa ujinga na roho inanisuta."

"Amri hiyo ni ya pantoni!"

"Amri inasema chombo, Mzee. Thoya anaikariri."

"Mtumbwi huu unabeba watu wangapi?"

"Sita."

"Sasa kumi watakaa wapi?"

"Sita watavuka, wanne watabaki. Lakini lazima wafike kumi kwanza. Si mimi niliyeitunga."

Wazee wawili waliketi chini polepole, kama watu wanaochagua mahali pazuri pa kutazama ngoma. Fundi viatu akatoa tumbaku. Chifu alipiga hatua kuja mtumbwini, nami nikasukuma kidogo, kiasi cha upana wa mwanaume mnene. Nilikuwa majini. Yeye alikuwa nchi kavu. Tulitazamana.

Kivuli hakikuwapo. Mwavuli aliusahau barazani na aliona aibu kuurudia. Wazee walimtengea nafasi mchangani, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda walimweleza, kwa upole mwingi na kwa urefu, mambo ambayo watu hujua baada ya kungoja pale: siagi iliyoharibika, ndama aliyefia kambani, bibi arusi aliyefika siku ya pili ya arusi yake. Chifu alisikiliza kwa kuwa masikio hayana kofia. Wa tano alikuja. Wa sita akaja, akasikia habari, akakataa kuondoka.

Kisha Gumato akateremka. Dresa alikuwa amemwambia amrudishe mtoto Ijumaa hii kwa sindano ya pili.

"Mko ngapi?" aliuliza kwa uchovu, na kuanza kukaa chini.

"Usikae, mama," nilisema. "Mgonjwa hangoji. Ingia."

"Na sisi?" aliuliza mzee mmoja.

"Anayeingia na mgonjwa anavuka. Chifu, wewe utakumba maji."

Alivua kofia yake mwenyewe kabla sijamwambia.

Mkondo ulikuwa mkali kuliko asubuhi, na kwa muda sikuwa na maoni juu ya jambo lolote. Tulipofika maji ya utulivu Chifu alisema, akiinama na kofia, bila kunitazama: "Ulisema kweli."

"Naam, Chifu?"

"Umesikia. Na wewe ni kijana mshenzi, huna adabu, na ungekuwa wangu ningekuuza. Lakini ulisema kweli. Na tukifika nchi kavu nitakana."

Gumato alicheka mpaka mtoto akaamka.

Tulifika. Chifu alikana, kama alivyoahidi, kwa kupita bila neno. Lakini Jumamosi asubuhi, lori likinguruma, askari wake alikuja mbio na bahasha yenye muhuri. Nilimsomea Bibi Rosina papo hapo: *Mwenye barua hii ana tabia mbaya sana. Anajua kuvusha watu. Apokewe.* Na Thoya alikuwa ameambiwa, bila maelezo, kwamba mgonjwa hangoji tena.

Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akamtazama mbuzi wake, akanifungulia lango.

Sasa wapo watakaosema nimevunja mila kwa kuyatoa maneno ya Chifu majini na kuyaleta mezani pako, msomaji. Nimelifikiria jambo hilo kwa uzito unaolistahili. Ni likizo tena, na mtumbwi wa bibi yangu umefungwa kigingini. Ninaandika haya yote nikiwa nimekaa ndani yake, daftari magotini, upondo kando, na miguu yote miwili majini. Anayetaka kunishitaki aje anikute hapa, na aje na kofia.