Geji ya Mzee Ojiambo

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Tororo, Busia na vitongoji vyake, wakulima kwa wafugaji, ya kwamba mwanasayansi mashuhuri, Bwana Ebong, amerejea likizoni kutoka shule ya bweni, tayari kuiletea nchi hii changa maendeleo. Waliojitokeza kumlaki walikuwa shangazi yake Amulen na bata wawili. Shangazi alimkabidhi jembe. Bata wakaenda zao.

Siku ya soko mwanasayansi alilitoroka jembe, akadandia lori la mjomba wake Okiror mpaka Busia. Huko alikuwako mzee Ojiambo, aliyevuka mpaka kila wiki na gunia la zana kuukuu: spana zilizomeguka mdomo, misumeno isiyo na meno, bisibisi zilizonolewa mpaka zikawa misumari. Alizitandaza chini kwa upole kama mtu anayelaza wagonjwa.

Ebong aliokota geji ya kupimia upepo wa tairi, kijiti cha shaba mfano wa kalamu ya wino.

"Hii ilikufa lini, mzee?"

"Haijafa, imenyamaza. Hata wewe ungenyamaza kama hakuna tairi ya kukuuliza."

"Kutu imeingia mpaka rohoni."

"Kijana wa shule, kutu iko nje. Ndani ni safi kuliko shati yako. Toa shilingi uende nayo."

"Natoa nusu, na nusu nyingine nitakuombea dua."

"Dua ninazo nyingi, na bado nalala njaa." Mzee alicheka, akapokea nusu yake, akamtupia na koleo moja bovu iwe nyongeza.

Nyumbani, Ebong aliifungua geji kwa koleo hilo, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaijaribu kwenye magurudumu ya lori. Ilisema kweli tupu. Mtu mwenye akili timamu angeridhika hapo. Ebong alikata kipande cha bati, akakikunja, akakishindilia nyuma ya springi ili ibanwe na kuwa kaidi. Sasa upepo ungekuwa mwingi na geji ingesema kidogo.

Aliyelengwa alikuwa Luke, taniboi wa mjomba, yaani utingo wake, kijana wa mabega mapana aliyejaza tairi za lori kwa pampu ya mkono na kujisifu kwamba hajui kuchoka. Ebong alitaka kumwona amechoka. Hakuwa na kesi nyingine naye.

Basi geji ikakabidhiwa kwa mjomba, pamoja na hotuba. Mjomba, ambaye hakuelewa nusu ya hotuba, aliamuru kwamba tangu siku hiyo tairi zitapimwa kisomi.

Nafasi ilipatikana kwenye soko la Nagongera, lori likipakiwa pamba. Luke alikuwa amemaliza kuziba pancha, akaanza kupampu. Kila alipotua, Ebong alipima.

"Inasema nini, profesa?"

"Inasema ina njaa."

"Bado tu?"

"Bado. Au mabega yamekwisha?"

"Mabega yangu? Wewe soma tu hiyo kitu yako. Mimi napampu mpaka Yesu anarudi."

Ebong alikaa juu ya gunia la pamba, uso mkavu kama wa kasisi kwenye kitubio. Alikuwa amepanga kusema basi, jasho likifika kiunoni. Lilikuwa limefika katikati ya mgongo. Akangoja.

Gurudumu la lori lina pete ya chuma inayoishika tairi isichomoke. Ya gurudumu lile ilikuwa imeliwa na kutu. Upepo ulipozidi, iliruka kwa mlio uliowanyamazisha watu sokoni, ikampata Luke kifuani. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeruhusiwa kupumzika, na pamba iliyomwagika karibu naye ikaanza kugeuka rangi.

Alikufa kabla hawajampakia.

"Hii geji ilitoka kwa nani?" mjomba aliuliza.

"Kwa mzee Ojiambo," Ebong alisema. Ilikuwa kweli. Katika uongo wake wote wa miaka yote, hakuwahi kusema jambo baya kama kweli ile.

Askari walimchukua Ojiambo wakamfungia Tororo. Kwenye matanga huko Lunyo, nyumbani kwa Benedeta, mama yake Luke, vijana walikuwa wakinong'onezana nyuma ya jiko.

"Wakimwachia?"

"Wamwachie tu. Njia ya kwenda kwao inapita hapa."

Ebong alisikia. Alijisemea kwamba serikali ina mahakimu, na mahakimu wana akili. Alijisemea hivyo mara nyingi.

Kisha chakula kikaja. Kwa watu wa pale, aliyekuwa na mkono katika kifo hali chakula cha matanga yake. Akila, tumbo litamvimba mpaka amfuate marehemu. Kwenye mdahalo wa shule Ebong alishawahi kuthibitisha, akapigiwa makofi, kwamba tumbo halina habari na kanuni za wazee. Sasa Benedeta mwenyewe alimwekea mbele ugali wa wimbi na mchuzi wa karanga.

"Kula, mwanangu. Alikuwa akikutaja sana. Alikuita profesa."

Ebong alimega tonge. Likabaki mkononi.

"Nimeshiba, mama."

Shangazi Amulen aligeuka. Alimjua mtoto huyu. Hata malaria haikuwahi kumshibisha.

"Umekula wapi?"

Ebong aliligeuza tonge kiganjani.

"Ebong. Weka hilo tonge mdomoni."

Watu waliacha kutafuna. Aliliinua hadi kwenye midomo, mkono ukagoma, tonge likaanguka kwenye mkeka. Benedeta alilitazama tonge, kisha akamtazama yeye, na uso wake ukajifunga polepole.

"Mzee Ojiambo aliuza geji nzima," Ebong alisema. "Mimi niliifungua. Niliweka bati nyuma ya springi, idanganye. Luke aliponiuliza, nilijua tairi imejaa. Nikamwambia bado."

"Ulikuwa unataka nini kwake?" Benedeta aliuliza.

Alitafuta jibu kubwa, la kisomi. Halikuwako.

"Nilitaka kucheka, mama."